Uzi: Hela ya kambi ya ndege za kivita inalala wapi?

#1 Mzee wa Leja (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ikisikika kwamba kambi ya jeshi la anga itajengwa mahali, au iliyopo itafungwa, hutangulia namba moja nene: kambi inaingizia eneo kiasi hiki kwa mwaka na inatoa ajira hizi. Mbunge anaibeba, gazeti linaichapa, mjadala unaishia hapo. Mimi maisha yangu yote ni vitabu vya hesabu, na namba nene isiyoulizwa imetoka wapi hunikosesha usingizi. Leo tuifungue.

Nachukua Marekani kwa sababu wenzetu wale huandika kila kitu. Kambi zao za anga zina desturi ya kutoa taarifa ya mwaka kuhusu mchango wao katika uchumi wa eneo, na eneo lenyewe kwa kawaida ni duara la maili 50 kutoka kambini. Ndani mna mafungu matatu. La kwanza ni mishahara ya wanajeshi na raia walioajiriwa. La pili ni matumizi: ujenzi, zabuni za huduma, vifaa. La tatu ni ajira za kukadiria, yaani watu ambao kambi haiwalipi lakini inaaminika wanakula kwa sababu yake: fundi gari, kinyozi, mwalimu wa watoto. Hili la tatu hakuna aliyekwenda kulihesabu mlango kwa mlango. Wanachukua ajira za kambini, wanazipiga kwa kizidishi, yaani namba ya kukadiria ajira moja ya kambini inazaa ngapi nje, basi.

Tuanze na mshahara. Unaandikwa mzima, kana kwamba wote unashuka mtaani. Haushuki. Humo mna kodi ya serikali kuu, akiba ya uzeeni, na fedha anayotumiwa mama aliye majimbo matatu mbali. Na kinachobaki kina geti lake. Mwanajeshi anaweza kulala nyumba ya kambi, akatibiwa hospitali ya kambi, akajaza mafuta kambini, akanunua maziwa na nyama kwenye duka la vyakula la kambi, ambalo halitozi kodi ya mauzo na linauza kwa bei nafuu kuliko ya mtaani, hata ukijumlisha nyongeza yake ya asilimia 5. Mwenye duka nje ya geti atashindana na bei hiyo kwa ubavu gani?

Matumizi ndiyo usiseme. Vitu vya gharama kubwa vya kambi ya anga ni mafuta ya ndege, injini, vipuri na silaha, na hakuna hata kimoja kinachonunuliwa mjini pale. Mikataba inasainiwa makao makuu, fedha inakwenda kilipo kiwanda. Eneo linabaki na kukata majani, kuzoa taka, kupaka rangi, kuziba paa. Ni kazi halali, sizidharau, ila si hizo zinazoinenepesha namba.

Hoja yangu ndiyo hii: namba inayotangazwa inapima kambi inatumia nini. Haipimi kinabaki nini. Ukitaka kujua kinachobaki, usiitazame kambi ikiwa hai, nenda pale ilipokufa. Na Marekani imezifunga nyingi, kwa mizunguko mitano: 1988, 1991, 1993, 1995 na 2005. Mwaka 1996 taasisi ya utafiti ya RAND ilichapisha uchunguzi wa kambi tatu za California zilizofungwa, mbili za anga (George na Castle) na moja ya nchi kavu (Fort Ord). Utabiri wa kabla ulikuwa wa kiama. Maumivu yalikuwepo, lakini madogo kuliko utabiri. Sasa niambieni: kama ilipoondoka haikuondoka na vyote ilivyodaiwa kuleta, si ina maana vingine haikuwahi kuvileta?

Karibuni mnipinge.

#2 Kisiki Kikavu

Nimevuta kigoda. Huu uzi hautaisha leo.

#3 Dada wa Ramani

Mzee wa Leja, shikamoo. Umeandika vizuri ila umechagua uwanja wa nyumbani. California ni jimbo lenye uchumi mkubwa kuliko nchi nyingi, likipoteza kambi tatu linajifuta vumbi linaendelea. Panda hadi jimbo la Maine, kaskazini kabisa, mpakani na Kanada. Mji mdogo wa Limestone ulikuwa na kambi ya Loring, makao ya ndege kubwa za B-52. Ikafungwa Septemba 1994. Sensa ya 1990 Limestone ina watu 9,922. Sensa ya 2000 ina 2,361. Katika kila watu wanne, watatu hawapo.

Na huko pia utatuambia namba ilipikwa?

#4 Mzee wa Leja

Marahaba, dada. Umenikamata pazuri.

Ila tuwaangalie hao watatu walioondoka ni akina nani. Wengi ni wanajeshi na familia zao. Hawakupoteza kazi, walihamishwa pamoja na kazi zao na mishahara yao. Mji ulipungua kwa sababu kambi yenyewe ilikuwa sehemu kubwa ya mji. Swali la kiuchumi ni la yule wa nne aliyebaki, na kwake nakiri kidonda ni cha kweli: shule zilizojengwa kwa watoto wengi, mabomba yaliyopimwa kwa watu elfu kumi, nyumba ambazo hata ukizitoa bei ya hasara hakuna anayebisha hodi.

Halafu kuna kichekesho kimoja. Moja ya ofisi zilizopelekwa Loring ili kuziba pengo ni ofisi ya wizara ya ulinzi inayoshughulikia malipo. Yaani jeshi limeondoka, kilichobaki ni kuchapa hesabu za jeshi hilohilo. Na ile njia ya kurukia ya zaidi ya mita 3,600 ilipata umaarufu wake wa pili mwaka 1997, bendi ya Phish ilipofanya tamasha pale na kukusanya makumi ya maelfu ya vijana. Walirudi 1998, wakarudi tena 2003. Siku mbili za neema, kisha ukimya na theluji.

Linganisha na Bergstrom, Austin, jimbo la Texas. Kambi ya anga, imefungwa 1993, mwaka mmoja tu kabla ya Loring. Austin ulikuwa mji unaokua, uwanja wake wa zamani umebanwa na makazi, unatafuta pa kuhamia. Kambi ikageuzwa, na Mei 1999 ndege za abiria zikaanza kutua. Zege la Bergstrom na zege la Loring havina tofauti. Tofauti ni jirani.

#5 Fundi Mkataba

Naomba niongee mimi ambaye nimewahi kula hiyo hela. Sitataja nchi wala kambi wala kampuni.

Miaka minne nilikuwa na kampuni ndogo ya viyoyozi na majokofu, tunahudumia majengo ya kambi ya anga. Kwenye taarifa zao sisi tulihesabiwa "mkandarasi wa eneo". Ukweli ni kwamba zabuni alishinda mkandarasi mkubwa wa mbali, akampa wa kati, wa kati akatupa sisi. Kila tabaka limekata panga lake. Inapofika kwa fundi anayepanda juu ya paa, fedha imekonda kama mbuzi wa kiangazi.

Halafu kuna gharama ambazo mtu wa nje hazioni. Kila fundi anachunguzwa kabla ya kupewa pasi ya kuingia. Wiki zinapita, wewe unamlipa amekaa. Siku ya kazi mnapanga foleni getini kwa muda wa saa moja, wakati mwingine mbili, gari linakaguliwa hadi chini ya viti. Ikitangazwa tahadhari, geti linafungwa na siku yako imekwenda. Bima wanayoitaka ni ya kampuni mara kumi ya yako. Na malipo yanatoka kwa yule wa kati anapojisikia.

Lakini sitakuwa mnafiki. Kazi ile ilitufundisha kuandika ripoti, kuweka kumbukumbu za matengenezo, kufuata taratibu za usalama. Tulipotoka pale tuliweza kuomba kazi hospitalini na kwenye viwanda. Hilo kwenye mafungu yako matatu halimo, Mzee. Lingeandikwa wapi?

#6 Mzee wa Leja

Fundi, halina safu. Ndiyo maana sikuliandika, na umenishika.

#7 Mpangaji wa Milele

Mnazungumzia wafanyabiashara na wakandarasi. Hivi sisi wapangaji hatumo?

Nieleze kinavyokwenda. Mwanajeshi wa Marekani anayeishi nje ya kambi hupewa posho ya nyumba. Kiwango kinapangwa kwa kuangalia kodi za soko la eneo hilo, cheo chake, na kama ana wategemezi. Jedwali liko hadharani, mtu yeyote analisoma. Sasa wewe ni mwenye nyumba, unajua kila sajini wa eneo lako ana kiasi fulani mfukoni kwa ajili ya kodi tu. Utaandika bei gani kwenye tangazo? Mwaka unaofuata wanapima soko, wanakuta bei imepanda, posho inapanda nayo. Kodi inakimbiza posho, posho inakimbiza kodi.

Mwenye nyumba huyo anafaidika, ndiyo, na yeye ni mtu wa eneo. Lakini muuguzi, mwalimu na huyo fundi wa viyoyozi hawana posho ya jeshi. Wanahamia mbali, wanaongeza saa mbili barabarani. Kwenye namba nene hiyo nayo imeandikwa "mapato ya sekta ya nyumba". Maumivu yangu ni mapato ya mtu.

#8 Sajini Mstaafu

Nimewasoma kwa subira. Sasa nami niseme, maana nimekaa upande wa ndani wa geti.

Kuna kitu wahasibu hamkithamini: utulivu. Mgodi ukikosa bei ya madini, watu wanarudishwa nyumbani. Kiwanda kikikosa wateja, zamu inafutwa. Ukame ukija, mkulima anakaa. Kambi ya anga inalipa mishahara tarehe ileile, mvua inyeshe isinyeshe, soko lipande lishuke. Kwa mwenye duka la viatu mjini hiyo ni dhahabu. Benki inamkopesha kwa sababu hiyo.

Pili, wastaafu. Mzee wa Leja ametaja RAND lakini hakusema moja ya sababu wanazozitoa. Wanajeshi wengi hustaafia karibu na kambi kwa ajili ya hospitali na lile duka la bei nafuu. Kambi inapofungwa, huduma hizo zinakufa, na wastaafu wanaanza kununua mjini. Pensheni haifungwi na kambi. Na zile kazi walizokuwa wanazishika wake na waume za wanajeshi mjini zinabaki wazi, wenyeji wanazichukua. Kwa hiyo mji haukuumia sana kwa sababu kambi iliuachia kitu, mzee wangu. Siyo kwa sababu haikuleta.

Tatu, ujuzi. Fundi wa injini za ndege akivua sare hajasahau kazi. Mashirika ya ndege yanamgombania.

#9 Mzee wa Leja

Sajini, heshima yako. La utulivu nakupa bila ubishi, na lilipaswa kuwemo kwenye uzi wangu wa mwanzo. Ila utulivu wa kambi ni wa aina yake: haitikisiki kidogokidogo, inakaa imara miaka 40 kisha inaondoka kwa sahihi moja iliyowekwa mbali. Wachimbaji angalau huona bei inaporomoka.

Tazama 2005. Orodha ya kufungwa ilikuwa na Ellsworth ya South Dakota na Cannon ya New Mexico. Ellsworth iliokolewa na tume iliyopitia orodha hiyo, kwa kura 8 dhidi ya 1. Cannon iliambiwa itafutiwe kazi nyingine, na mwaka 2007 ikaangukia kwa kikosi maalumu cha jeshi la anga. Miezi ile watu wa miji hiyo walikuwa wanahesabu kura za watu wasiozidi kumi ili kujua thamani ya nyumba zao.

La wastaafu, soma tena ulichoandika. Unasema kambi ilipofungwa ndipo wastaafu wakaanza kununua mjini. Ahsante. Sina cha kuongeza.

#10 Kisiki Kikavu

Sajini amejifunga goli 😂

#11 Bint Visiwani

Nawasalimu. Nadhani mnaangalia fedha na mnasahau ardhi. Kambi ya anga inakula ardhi nyingi: njia ya kurukia lazima iwe ndefu na tambarare, pembeni yake kuwe na nafasi, kwenye ncha zake pasijengwe ghorofa. Na tambarare kubwa mara nyingi ndiyo ardhi bora ya kulima au ya kujenga mji. Gharama ya kambi ni kile ambacho kingekuwepo pale.

Okinawa, mkoa wa visiwa wa Japani, ndiyo darasa la hili. Kambi za Marekani zinashika takriban asilimia 15 ya kisiwa kikuu, na Kadena, kambi kubwa ya anga, iko katikati. Marekani ilipokirudisha kisiwa kwa Japani mwaka 1972, mapato yanayotokana na kambi yalikuwa asilimia 15 hivi ya mapato ya mkoa. Miaka ya karibuni ni kama asilimia 5 au 6. Kambi hazikupungua kwa kiasi hicho, ni uchumi wa nje uliokua ukaziacha.

Na pale ardhi iliporudishwa? Naha kulikuwa na eneo la nyumba za wanajeshi, likarudishwa lote kufikia 1987, leo ni mji mpya wa maduka, ofisi na makumbusho. Hesabu za serikali ya mkoa zinasema shughuli za kiuchumi pale zimekuwa mara 32 ya zilivyokuwa wakati wa kambi. Chatan kulikuwa na uwanja mdogo wa helikopta, Hamby, leo watalii wamejaa.

Ongeza kelele. Mwaka 2017 mahakama iliamuru wakazi zaidi ya elfu 22 wa jirani ya Kadena walipwe fidia ya yeni takriban bilioni 30. Mlipaji ni serikali ya Japani, yaani mlipakodi. Hiyo fidia sijui kama kuna mtu aliitoa kwenye "mchango wa kambi".

#12 Sajini Mstaafu

Bint, hiyo mara 32 imetoka kwa serikali ya mkoa inayozipinga kambi. Na Naha ni mji mkuu, ungerudisha hata uwanja wa mpira pale ungeota maduka. Rudisha ardhi hiyo kwenye msitu wa kaskazini uniambie ni mara ngapi.

Halafu waulize wenye ardhi. Serikali ya Japani inawalipa kodi ya pango kila mwaka. Wapo wasiotaka irudishwe.

#13 Bint Visiwani

Wapo, ni kweli, na sishangai. Okinawa ardhi iliyo ndani ya kambi inauzwa na kununuliwa kama hati ya dhamana: mnunuzi hawezi kuikanyaga, anachonunua ni ile kodi ya kila mwaka. Shamba ambalo mwenyewe haruhusiwi kulitia jembe, na bado lina wateja. Kwa mwenye hati ni biashara nzuri. Kwa kisiwa ni ardhi iliyolala.

La Naha kuwa mji mkuu nakubali. Si ndiyo Bergstrom na Loring ya Mzee hapo juu?

#14 Mkaguzi Mgeni

Nyie mnajadili kambi ya jeshi ndani ya nchi yake lenyewe, au kambi ya mgeni ndani ya nchi tajiri. Njooni kwenye kambi ya mgeni ndani ya nchi maskini, hesabu inageuka kabisa, kwa sababu fedha kubwa ni kodi ya pango, nayo haifiki eneoni. Inaingia hazina, au inapotelea njiani.

Djibouti, mkataba wa 2014 wa Camp Lemonnier, kambi ya Marekani, ulikuwa wa dola milioni 63 kwa mwaka. Nchi ndogo, ni fedha nzito. Lakini Balbala, mtaa wa watu wa hali ya chini jijini, haipokei hundi. Kinachowafikia wananchi ni ajira na manunuzi, na ilibidi Bunge la Marekani litunge sheria ya kuruhusu bidhaa na huduma za Djibouti zipewe kipaumbele ndipo hilo lipewe uzito. Kabla ya hapo hata vitu vidogo vingeweza kuletwa kwa meli.

Kyrgyzstan, kambi ya Manas, kituo cha ndege za Marekani za kwenda Afghanistan. Kodi ilipanda 2009 kutoka dola milioni 17.4 hadi 60 kwa mwaka. Ila fedha kubwa kuliko kodi ilikuwa kwenye mafuta ya ndege, na mikataba ya mafuta hayo ilinuka kiasi kwamba kamati ndogo ya Bunge la Wawakilishi la Marekani iliichunguza, ikatoa ripoti 2010. Marais wawili walipinduliwa na umma, 2005 na 2010, na kila mara tuhuma za familia ya rais kufaidika na mafuta ya kambi zilikuwa mdomoni mwa watu. Mwaka 2014 kambi ikafungwa.

Niger, kambi ya 201 ya Agadez iliigharimu Marekani zaidi ya dola milioni 100 kuijenga jangwani kwa ajili ya ndege zisizo na rubani. Agosti 2024 wakaikabidhi na kuondoka. Ndege isiyo na rubani inaweza kuongozwa na mtu aliye bara jingine. Huyo hali chakula Agadez, hapangi nyumba Agadez. Kadiri teknolojia inavyosonga, kambi inahitaji watu wachache zaidi pale ilipo, na hapo kizidishi chenu mtakizidisha na nini?

#15 Fundi Mkataba

Mkaguzi umepiga penyewe. Jokofu halina rubani wala mla chakula, lakini angalau linaharibika. Kazi ya viyoyozi itakuwepo 😀

#16 Dada wa Ramani

Niongeze visiwa viwili vya Atlantiki, kwa sababu vinajibizana vizuri.

Terceira, visiwa vya Azores, Ureno. Kambi ya Lajes. Januari 2015 Marekani ilitangaza kupunguza: wanajeshi kutoka kama 650 hadi 165, na wafanyakazi Wareno kutoka kama 900 hadi 400. Ajira 500 kwenye kisiwa chenye watu elfu hamsini na kitu, na nyingi ni ajira zilizolipa vizuri. Mtu wa Limestone anaweza kuendesha gari akatafute maisha mji mwingine. Mtu wa Terceira atavuka maji.

Iceland, Keflavík. Machi 2006 Wamarekani walitangaza kuondoka, Septemba 30 wameondoka. Miezi sita! Nyumba za kambi zikageuzwa makazi ya wanafunzi, ikaanzishwa shule, na 2012 kituo cha kuhifadhi data kikafunguliwa kwenye majengo ya zamani, maana umeme ni wa bei nafuu na baridi ni ya bure. Katikati ya hayo mabenki ya nchi yalianguka 2008, na Suðurnes, eneo lenye kambi, likaongoza nchi kwa ukosefu wa kazi. Kilichoinua mambo hatimaye ni watalii, kwa sababu njia ileile ya kurukia ndiyo uwanja mkuu wa kimataifa wa nchi.

Ila msidhani uwanja wa ndege ni dawa ya kila mahali. Hahn, kambi ya zamani ya Marekani huko Ujerumani, ilirudishwa 1993, Ryanair, shirika la ndege la bei nafuu, wakaingia 1999, ikaitwa Frankfurt-Hahn ingawa Frankfurt iko mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Kufikia 2007 ilikuwa inapitisha abiria kama milioni 4 kwa mwaka. Oktoba 2021 kampuni ya uwanja ikaomba kufilisika.

Na Clark, kambi ya zamani ya anga ya Marekani huko Ufilipino, ambayo kila mtu huitaja kama muujiza. Mlima Pinatubo ulilipuka Juni 1991, majivu yakafunika kambi. Septemba Baraza la Seneti likakataa mkataba mpya kwa kura 12 kwa 11. Novemba Wamarekani wakaikabidhi, na wezi wakang'oa hadi nyaya ukutani. Mwaka 1993 likatangazwa eneo maalumu la kiuchumi, na leo viwanda na ofisi za pale zina wafanyakazi zaidi ya laki moja. Lakini hesabuni miaka. Mhudumu wa baa wa Angeles, mji ulio jirani na kambi, aliyekosa wateja 1991 hakungoja kiwanda cha vifaa vya umeme cha karne hii. Alihama, au alibaki kwenye biashara ileile na wateja wengine.

#17 Mfugaji Mtandaoni

Nimesoma kurasa zote, hakuna aliyegusa maji.

Kambi za anga zilitumia kwa miongo mingi povu la kuzimia moto wa mafuta ya ndege, lenye kemikali zisizooza. Walifanya mazoezi nalo, likanywea ardhini, likafika visimani. Karibu na hiyohiyo Cannon mliyosema iliokolewa 2005, mwaka 2018 mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aliambiwa visima vyake vina sumu hizo. Maziwa hayauziki, nyama haiuziki. Mwishowe ng'ombe zaidi ya 3,600 wakauawa. Okinawa nako kemikali hizo zimekutwa kwenye vyanzo vya maji jirani na Kadena.

Mji ulishangilia kambi kubaki. Yule mfugaji alikuwa ndani ya duara la maili 50 kama mwenye duka la viatu.

#18 Sajini Mstaafu

Hapo sina la kubisha. Povu lile tumelimwaga sisi wenyewe kwa mikono yetu, na tuliambiwa ni kama sabuni.

#19 Mpangaji wa Milele

Mzee wa Leja, sasa malizia. Tuseme wewe ni diwani, umeletewa barua kwamba kambi ya anga inakuja eneo lako. Unauliza nini? Usituletee nadharia.

#20 Mzee wa Leja

Ningeanza na kisima cha mfugaji. Maji yapimwe kabla ndege ya kwanza haijatua, na majibu yakae kwetu, siyo kwao. Bila kipimo cha mwanzo, miaka 30 baadaye mtaambiwa sumu mlizaliwa nayo.

Kisha nyumba: wangapi watalala ndani ya geti na wangapi nje? Wakilala ndani wote, tumepata kelele bila wateja. Wakilala nje wote, Mpangaji anahama. Ningetaka wajenge nusu, na waanze kujenga kabla ya kuleta watu, siyo baada.

Kodi ya majengo kambi haitalipa, hilo liko karibu kila mahali. Lakini watoto wao watasoma shule zetu. Marekani walilitungia sheria tangu 1950, serikali kuu inazifidia shule za maeneo hayo, ingawa wilaya nyingi hulalamika kwamba fidia hiyo haitoshi. Ningetaka kifungu cha namna hiyo kwa maandishi.

Zabuni ningeuliza swali moja tu, la Fundi: fedha itapita mikono mingapi kabla ya kumfikia aliye juu ya paa? Ningeomba daftari la anayelipwa mwisho, siyo la aliyeshinda zabuni.

Na ningechora, siku hiyohiyo ya kwanza, ramani ya eneo bila kambi. Barabara zake zitaungana na zetu wapi, mabomba yataunganishwaje, nani anasafisha. Watu huona ni uchuro. Keflavík walipewa miezi sita.

Nimesahau nini?

#21 Fundi Mkataba

Umesahau kuuliza wanalipa baada ya siku ngapi.

#22 Mzee wa Leja

Sitini?

#23 Fundi Mkataba

Rekodi yangu ni 143. Na siku hiyo walilipa nusu.